Kufundisha Kiingereza Thailand: jinsi ya kujipanga ukiwa mgeni kabisa

Wengi wanaoniuliza kuhusu hii kazi wanaanza na mshahara. Mimi huwa nawarudisha kwenye makaratasi, maana Thailand ukiwa na makaratasi yaliyokaa sawa unaishi kwa amani zako, na ukiwa nayo nusunusu utakuwa mtu wa kujifichaficha, kila bosi anakupanda kichwani sababu anajua huna pa kwenda. Mshahara tutaufikia.

Ila kabla hata ya makaratasi hakikisha hiyo kazi ipo kweli. Miaka ya karibuni vijana kibao wa Afrika Mashariki wameitwa Bangkok kwa matangazo ya kazi nzuri nzuri, mara ualimu, mara huduma kwa wateja, wanatua uwanja wa Suvarnabhumi wanapokelewa na gari, gari linakata masaa na masaa hadi Mae Sot mpakani, wanavushwa mto Moei na kujikuta Myawaddy upande wa Myanmar kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni. Mwanzoni mwa 2025 maelfu ya watu walitolewa huko wakavushwa kurudi Thailand, Wakenya na Waethiopia wakiwemo. Sasa wewe angalia hivi: shule ya kweli inakufanyia usaili kwa video na mwalimu mwenzio anakuuliza utafundishaje, ina jina ambalo ukilitafuta kwenye ramani unaliona na geti lake, ina simu ya ofisi inayopokelewa, na inakutumia barua za kuombea visa ya kazi zenye nembo ya shule. Anayekwambia njoo tu kama mtalii, tiketi nimeshakulipia, dereva atakusubiri, we usiende. Hata kama ni binamu wa rafiki yako. Hasa kama ni binamu wa rafiki yako.

Haya, makaratasi. Digrii ya chochote unayo? Kama huna, kazi ya shule kihalali ni ngumu mno, usidanganywe. Kama unayo, chukua digrii na transkripti, zithibitishwe wizara ya mambo ya nje ya kwenu kisha ubalozi wa Thailand, ambao kwa upande wetu upo Nairobi na Watanzania na Waganda wanahudumiwa hapo hapo. Cheti cha tabia njema kutoka polisi kiombe mapema maana ndo hichi kinachocheleweshaga watu. Cheti cha TEFL (mafunzo ya kufundisha Kiingereza kwa wasio wazawa wa lugha) cha masaa 120 kinasaidia kwenye usaili, na kwa sisi ambao pasipoti zetu haziko kwenye orodha ya wanaoitwa wazawa wa lugha (Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland, na matangazo mengi huongeza Afrika Kusini) watakuomba pia matokeo ya TOEIC au IELTS. Inauma, umesoma kwa Kiingereza tangu sekondari halafu unaambiwa ukathibitishe unakijua, lakini ni karatasi tu, fanya mtihani pata alama songa mbele. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau kwenye begi kubwa, iwe mkononi, nchi zetu ziko kwenye orodha wanayoikagua kabla hujafika dirisha la uhamiaji.

Visa ya kazi ni Non-Immigrant B, sa hivi inaombwa mtandaoni. Siku 3 kabla ya kufika, ndani ya hizo siku, unajaza fomu ya kuingia ya kidijitali inaitwa TDAC, ilianza Mei 2025 na ni bure, kwa hiyo tovuti yoyote inayokudai hela kuijaza ujue ni wajanja wa mjini.

Sasa ukishafika hapa ndo watu wanachanganyikiwa kwa hiyo nitaenda polepole. Hiyo visa inakupa siku 90 tu. Ndani ya hizo siku shule inatakiwa ikuombee kibali cha kazi, halafu na kibali hicho mnaenda uhamiaji kuongeza muda wa kukaa hadi mwaka mmoja, ada ni baht 1,900 (baht ndo hela yao). Shule za kawaida, za serikali na za binafsi, zinatakiwa pia kukutafutia leseni au kibali cha muda kutoka baraza la walimu wao linaloitwa Khuru Sapha, vituo vya kufundisha lugha jioni havina hiyo. Halafu hata ukiwa na mwaka wako mkononi, kila baada ya siku 90 mfululizo ndani ya nchi unaripoti uhamiaji kwamba bado upo pale pale, unaeza kuripoti kuanzia siku 15 kabla hadi siku 7 baada ya tarehe, ukizembea ni faini ya baht 2,000. Na kukaa nchini baada ya muda wako wa kukaa kuisha ni faini ya baht 500 kwa siku mpaka ifike 20,000, ukikamatwa barabarani kabla hujajisalimisha mwenyewe ndo kabisa, unaeza kupigwa marufuku kurudi.

Weka hizi tarehe zote kwenye simu, na weka pia kwenye karatasi ukutani, usimwachie katibu wa shule wala wakala (kampuni inayotafutia shule walimu). Wao wana walimu 20, wewe una pasipoti moja. Na pasipoti hiyo ikae kwako, wanaruhusiwa kuichukua siku ya kwenda ofisini tu na jioni uidai, kwa upole lakini uidai. Kitu kingine, makaratasi mengi yataandikwa mwaka wa Kibuddha ambao uko mbele kwa miaka 543, 2025 kwao ni 2568, kwa hiyo ukiona mkataba unaisha 2569 usishtuke wala usifurahi.

Chumba usikilipie ukiwa bado nyumbani. Fikia sehemu ya bei rahisi karibu na shule kwa wiki moja hivi, waulize walimu wenzio, tembea kwa miguu mitaa ya pembeni angalia matangazo kwenye mageti. Utaratibu wa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja mbele na dipoziti ya miezi miwili, kwa hiyo hata chumba cha baht 5,000 kinakula 15,000 siku ya kwanza na mshahara wako wa kwanza uko mwisho wa mwezi ujao huenda. Njoo na hela ya kuishi miezi miwili bila kumtegemea mtu. Kabla hujasaini uliza umeme uniti moja ni bei gani, hapa ndo wenye nyumba wanapotupigia, bei ya shirika la umeme ni kama baht 4 na ushee lakini wenye nyumba wengi wanakutoza 7 au 8, na ukiwa mtu wa kulala na kiyoyozi usiku kucha mwezi wa 4 bili itakukumbusha. Piga picha kila ufa na kila doa la godoro siku unayoingia, umtumie mwenye nyumba kwa LINE, ndo apu ambayo kila mtu huku anaitumia, shule, fundi, hadi mama ntilie. Na mkumbushe akuandikishe uhamiaji kwa fomu ya TM30, sheria inamtaka afanye hivyo ndani ya masaa 24 mgeni akihamia, wengi hawana habari, na wewe siku unaenda kuongeza visa unarudishwa kwa sababu yake.

Mshahara sasa. Kwa wenye pasipoti kama zetu, shule za serikali kupitia wakala matangazo mengi utayakuta kati ya baht 20,000 na 30,000, shule binafsi nzuri zinapanda zaidi ya hapo, na mwenzio mzungu dawati la pembeni anaweza kuwa anapata zaidi kwa kazi ile ile. Kuna mawakala wanaotaka sura ya mzungu na hawafichi, wataomba picha kabla ya vyeti. Usipoteze usingizi nao, jibu tangazo lingine, shule za mikoani zinahangaika kupata walimu na mkuu wa shule akishaona unaingia darasani kwa wakati na watoto wanakufurahia habari ya rangi inaisha yenyewe mara nyingi. Kitu cha kukodolea macho ni miezi ya mkataba. Mwaka wa shule unaanza katikati ya Mei, muhula wa kwanza unaisha mwanzoni mwa Oktoba, wa pili unaanza Novemba hadi Machi. Mikataba ya wakala mingi ni ya miezi 10, maana yake Machi inaisha na mshahara unaisha, Aprili yote na nusu ya Mei unaishi kwa ulichoweka. Jumlisha mshahara wa miezi 10 uugawanye kwa 12 kichwani tangu mwezi wa kwanza, ile tofauti uitoe uiweke mbali, hela ya kutuma nyumbani itoke kwenye kinachobaki. Najua simu za nyumbani zinavyokuwa ukishasemwa upo ulaya, na kwao Asia nayo ni ulaya.

Siku ya kwanza shuleni vaa kama unaenda kanisani au msikitini, shati limepigwa pasi, suruali ya kitambaa, kwa akina dada sketi inayopita goti na mabega yamefunikwa. Saa 2 kamili asubuhi kwa saa zetu bendera inapandishwa, wimbo wa taifa unapigwa, wote mstarini mnasimama kimya, na hata ukiwa stesheni ya treni au sokoni muda huo wimbo ukisikika simama. Ukikutana na mkuu wa shule unaunganisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa kidogo, wewe ndo unaanza kwa sababu yeye ni mkubwa, watoto watakuanza wao. Viatu vinavuliwa mlangoni kwenye madarasa mengi na ofisi nyingi, kwa hiyo soksi zenye matundu acha nyumbani. Usimguse mtoto kichwani hata kwa kumsifia, na usielekeze mguu kwa mtu wala kwa sanamu ya Buddha. Kuhusu familia ya kifalme sina maelezo marefu: usitanie, usijadili, usishee chochote mtandaoni, kifungu cha 112 cha sheria yao ya jinai ni miaka 3 hadi 15 jela kwa kosa moja.

Ofisi ya walimu ndo itakayoamua mwaka wako ukoje. Walimu wa Kithai hawatakwambia usoni kwamba umekosea, watacheka, watanyamaza, kisha utasikia kwa mtu wa tatu. Usibishane mbele za watu, hata kama ratiba imebadilishwa asubuhi ile ile na hukuambiwa, na itabadilishwa sana tu, michezo, wageni, siku ya sijui nini, unafika darasani hakuna mtoto hata mmoja. Muulize mmoja wao pembeni kwa sauti ya chini. Mtafute yule mama wa makamo anayejua kila kitu, kila shule anaye, msalimie kila asubuhi, mletee matunda ukitoka mkoani, yeye ndo atakutafsiria barua ya uhamiaji na kukupeleka hospitali siku tumbo limekataa pilipili.

Darasani. Watoto 40, wakati mwingine 50, joto, feni nne juu ya dari moja imekufa. Unaingia, kiranja anasema simameni, wote kwa pamoja kwa mdundo mmoja: good morning teacher, unajibu how are you, wanaimba I'm fine thank you and you, wanakaa. Hapo wamemaliza Kiingereza chote wanachoamini wanakijua. Vijana wengi wapya wanakosea hapa, wanafungua kitabu ukurasa wa 4 na kuanza kueleza sarufi kwa maneno mengi. Funga hicho kitabu wiki ya kwanza. Kazi ya wiki ya kwanza ni majina. Majina yao rasmi ni marefu na hata wao hawaitani hivyo, kila mtoto ana jina la utani alilopewa nyumbani, utakuta Ice, Bank, Mint, Golf, Beer, ndio Beer, na hakuna anayecheka. Chora ramani ya madawati kwenye daftari, andika jina la utani kwenye kila kiti, na siku ya pili muite mtoto wa nyuma kabisa anayejificha nyuma ya mwenzie kwa jina lake. Darasa zima litageuka. Kuanzia hapo una darasa.

Halafu zoea kwamba hawatajibu swali mtu mmoja mmoja. Ukiuliza nani anajua, kimya, si kwamba hawajui, hakuna anayetaka kukosea mbele ya wenzie wala kuonekana anajishebedua. Wape kwanza dakika moja waambizane wawili wawili, kisha wajibu safu nzima, kisha timu kwa timu na pointi ubaoni, na mtu mmoja peke yake baadaye kabisa ukiwa una hakika anajua jibu. Kwa mfano nataka wajifunze kuuliza bei. Nachora ubaoni vitu sita na bei zake, nazifuta bei tatu, timu A inaona bei ambazo timu B haina, lazima waulizane wajaze. Somo zima mimi naongea labda maneno 30. Ukitoka darasani sauti imekauka ujue umefundisha vibaya.

Matamshi yao yana mpangilio, ukiujua hupati shida. Herufi l mwishoni mwa neno inageuka n, kwa hiyo school inakuwa sakun na apple inakuwa appen, r wanaitamka l (kuna watu wa kwetu hawatashangaa), v inakuwa w, na konsonanti za mwisho zinamezwa kabisa, hujui kasema like au life. Usisahihishe vyote. Chagua sauti moja kwa wiki, ya mwisho wa neno ndo inayoleta kutoelewana zaidi, waonyeshe ulimi unakaa wapi, wacheke, warudie, basi. Na kwenye sarufi, lugha yao kitenzi hakibadiliki kwa wakati wala nomino kwa wingi, kwa hiyo yesterday I go si uvivu. Ongea polepole lakini usivunje sentensi, kuna walimu wakikaa miezi sita wanaanza wenyewe kusema you go where.

Matokeo nayo jiandae. Kumfelisha mtoto ni jambo zito, aliyefeli hufanyiwa marudio hadi apite, na wewe ndo utaandaa hayo marudio. Nimeona watu wanagombana na uongozi kwa hili wakaondoka kwa hasira. Mimi naona ni vita isiyo yako, fundisha wanaotaka, wape wengine sababu ndogo ya kutaka, jaza fomu zao. Mwezi wa 6, kwa kawaida Alhamisi, kuna sherehe ya wanafunzi kuwaheshimu walimu, wanakuja kwa magoti na maua yaliyopangwa kwenye majani, na wewe mgeni wa mwezi mmoja unakaa kiti cha mbele unapokea. Kaa, pokea, usipige selfi katikati.

Nje ya shule mambo mengi ni mepesi kuliko unavyodhani. Chakula cha kantini ya shule au cha barabarani ni baht 40, 50 sahani, jifunze tu kusema usiweke pilipili na ujue hata hapo itakuwepo kidogo. Waislamu, halali inapatikana, angalia alama yenye maandishi ya Kiarabu hata kwenye pakiti za dukani, na Bangkok eneo la Ramkhamhaeng lina msikiti mkubwa na vyakula vyake. Jifunze namba na salamu za Kithai wiki ya kwanza, mwanaume anamalizia na khrap, mwanamke kha, ukisahau hicho kidogo mwishoni unaonekana umekasirika. Watu watakutazama, hasa mikoani, watoto watataka kugusa nywele, wamama watakuambia rangi yako kama wanavyosema hali ya hewa na kukuonyesha losheni ya kung'arisha, mwanzoni inachosha sana na sitakudanganya kwamba utazoea yote. Tafuta Waafrika wenzio, wapo, kila mkoa mkubwa kuna mpira wa jioni au kanisa au kikundi cha WhatsApp, lakini usihamie huko mazima, jirani zako wakikuzoea ndo usalama wako.

Pikipiki. Kila mtu atakwambia nunua, hakuna usafiri mikoani, na ni kweli pikapu zile za mabenchi mawili nyuma zinakatika jioni. Nunua basi, ila leseni uipate kwanza, helmeti ifungwe hata unaenda dukani hapo mbele, na uliza bima ya shule inalipa ajali ya pikipiki au hailipi, nyingi ukiwa huna leseni hazikutambui. Barabara za Thailand ni kati ya zinazoua sana duniani na wengi wanaokufa ni wa pikipiki. Kaskazini huko Chiang Mai na jirani zake ongeza jambo moja, kuanzia Februari hadi Aprili moshi wa kuchoma mashamba na misitu unakaa angani wiki kwa wiki, mwenye pumu achague mkoa wa kusini.

Likizo ya Oktoba ikikaribia utaanza kutamani nyumbani au angalau kuruka Malaysia mara moja. Kabla hujavuka mpaka wowote uwe na kibali cha kurudi kwenye pasipoti, baht 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa safari nyingi, maana ukitoka bila hicho ule mwaka wako wote wa kukaa unafutika pale pale na shule inabidi ianze upya na ile visa ya Non-Immigrant B. Kinatolewa ofisi ya uhamiaji, na ukisahau kabisa Suvarnabhumi kuna dirisha lake ukishapita usalama, wahi masaa mawili zaidi, uwe na picha ya pasipoti moja na hela taslimu.